Mumi wa Kwenye Ramani

Jumapili, alasiri. Mvua ya mawe imetwanga Manga tangu tumalize kula, na bati linapiga kelele kama watu wanaogombania mpaka wa shamba. Na mimi moyoni niko hivyo hivyo.

Ezra, kijana wangu wa kwanza, anarudi kazini leo. Yuko upande ule mwingine wa boma, ndani ya nyumba yake, anafunga begi. Nikisimama mlangoni kwangu nauona mlango wake. Tangu jana jioni hatujasemezana. Najua anangoja niite. Na mimi nangoja aje.

Sitaita.

Wewe shajara unanijua, lakini wako wanaosoma hapa mtandaoni kwa mara ya kwanza, wacha niseme. Shule niliiacha darasa la tatu. Naandika kwa kidole kimoja, na simu inanisahihisha hata pale nilipoandika vizuri. Lakini kutoka hapa Manga hadi Sironga, ukiona nyumba ya mawe ambayo kona zake zimesimama wima, usiulize fundi ni nani. Ni mimi. Waliosoma wanalala ndani ya kazi yangu.

Na mimi ndiye mtu wa kwanza kijiji hiki, labda Nyamira nzima, kuvua samaki kwa kayaki. Hilo hakuna wa kunipokonya, hata baada ya aibu ya juzi.

Kayaki, kwa asiyejua, ni mtumbwi mwembamba wa plastiki wa mtu mmoja. Unakaa umenyoosha miguu kama mgonjwa kitandani, unapiga kasia huku na huku. Ezra anafanya kazi jikoni katika hoteli moja ya ziwani, upande wa Homa Bay. Hapo hotelini walikuwa nazo za wageni, moja ikapasuka tumbo, wakaitupa nyuma ya stoo. Ezra akaileta nyumbani juu ya gari iwe hori la ng'ombe. Mama yake alifurahi. Ng'ombe alikula majani ya nepia ndani yake msimu mzima.

Siku moja namwekea ng'ombe majani, nikakitazama kile kitu vizuri. Nikasema, hapana, hiki ni chombo. Mimi huyu sijawahi kuona ufa nikauacha. Nikatafuta beseni kuukuu la plastiki ya aina ile ile, nikapasha chuma moto, nikayeyusha, nikaziba ufa kama ninavyoziba ukuta. Nikaijaza maji. Halikutoka hata tone. Mama Ezra alisimama pale na ungo mkononi, akaniuliza, "Sasa ng'ombe atakula wapi, mogaka?"

Mogaka ndivyo mke wa Kikisii anavyomwita mzee wake. Ni neno la heshima, lakini yeye ana namna ya kulisema.

Ukisimama ukingoni hapa Manga, asubuhi isiyo na ukungu, unaliona ziwa. Mstari mweupe kule chini kabisa, mbali, kama kisu kimeachwa kwenye nyasi. Nimelitazama tangu nikichunga mbuzi za baba yangu. Sikuwahi kuligusa. Maisha yangu yote nilikuwa na ukuta wa mtu wa kumaliza. Nimeligusa nikiwa na mvi.

Ezra alipokuja likizo akanikuta nimeitundika kayaki chini ya dari, safi, nimeipaka na mafuta. Hakucheka. Alichukua simu yangu akaniwekea programu ya kutafutia samaki. Alinifundisha nusu saa tu. Nusu saa! Kuna watu wana digrii na hawawezi.

Wacha nieleze, maana watu wanafikiri ni uchawi. Unafungua ramani, unaona ziwa. Maji mafupi yamepakwa bluu nyepesi, maji marefu bluu nzito. Katikati kuna mistari, kila mstari una namba ya kina. Mwalimu Mokua, jirani yangu, mwalimu mstaafu, aliitazama ile mistari akasema hajui ni ya nini. Mimi nilijua mara moja. Ni matuta. Ni kama unayatazama matuta ya chai ukiwa juu ya ukingo. Palipo na mistari iliyobanana, hapo chini ni mteremko mkali. Samaki wanasimama ukingoni mwa tuta, wanangoja chakula kiteremke. Nimetembea kwenye miteremko maisha yangu yote, nani atanifundisha mteremko?

Tena kuna picha iliyopigwa kutoka angani. Ukiona zulia la kijani juu ya maji, hilo ni gugumaji, usiende. Kuna mshale wa upepo, unakuambia hilo gugumaji litasukumwa upande gani ukiwa huko ndani. Kuna mwezi, na chini ya mwezi kuna vijisamaki, kimoja mpaka vitano, vya kukuambia siku gani samaki wanakula. Siku ya vijisamaki vitano huwa inaangukia Jumamosi mara nyingi kuliko ninavyopenda. Sisi ni Wasabato. Jumamosi sigusi kasia. Lakini inaonyesha pia jua linazama saa ngapi, kwa hiyo Ijumaa mimi najua Sabato inaingia lini kuliko mzee wa kanisa anayechungulia dirishani.

Maandishi ya Kiingereza ananisomea Mama Ezra. Yeye alifika la saba. Anasoma, mimi naelewa.

Na kila kitu nisichokielewa, nampigia Ezra. Ezra, mshale umekuwa mwekundu, ni nini? Ezra, kina kimeandikwa kumi, ni kumi ya nini? Ezra, vijisamaki ni vitatu, niende? Nilimpigia asubuhi, nilimpigia akiwa kazini, nikisikia sufuria zinagongana nyuma yake. Hakuna siku alikata simu. Nilikuwa nikisema kanisani, hakuna mzee anayeongea na kijana wake kama mimi.

Basi kanisa letu lilikuwa linapokea wageni Sabato hii ya jana. Kwenye kikao cha kupanga chakula akina mama wakasema watapika maharagwe na ndizi kama kawaida. Mimi nikasimama. Nikasema maharagwe tumekula tangu kanisa lilipokuwa la nyasi. Nikasema samaki ni juu yangu. Ngege, wale tilapia wakubwa, wa ziwani, wa kutosha wageni wote. Mwalimu Mokua akauliza mbele ya watu, "Fundi, utawatoa kwenye jiwe?"

Nikamwambia nitawatoa kwenye simu.

Watu walicheka, lakini walicheka vizuri, kicheko cha kumtazama mtu wanayemwamini. Nilirudi nyumbani nimepanua kifua. Nikampigia Ezra. Nikamwambia, "Ezra, niwekee alama mahali penye samaki. Si pa kubahatisha. Mahali ambapo wewe mwenyewe unapajua." Akasema, "Sawa, tata," ndivyo Mkisii anavyomwita baba yake. Kabla sijamaliza chai, alama ikaingia kwenye ramani yangu, nyekundu kama tone la damu, ukingoni mwa tuta refu, karibu na pale mto unapoingia ziwani.

Nilimbariki kwa simu. Nasema ukweli, nilimbariki.

Ijumaa alfajiri nikapakia kayaki juu ya Probox, gari la jirani mwingine, tukateremka Oyugis, watu wa sokoni wakisimamisha mizani kututazama. Tukafika kwenye ufuo mmoja mdogo ambao nimeshauzoea. Hapo kuna mvuvi anaitwa Ouma, Mjaluo, mtu wa maneno mengi. Kila nikienda lazima anirushie.

"Jaduong'," ndivyo wanavyomwita mzee huko, "leo tena na sufuria yako? Nyinyi Wakisii mkiukosa mlima mnasimama wapi?"

"Wewe tazama nyavu zako," nikamwambia.

"Matete yale usiyasogelee. Kuna kiboko ana mtoto. Huyo hana ramani."

Kuogelea sijui, na sioni haya kusema. Nilivaa koti la kuelea, nikaitundika simu shingoni ndani ya kile kimfuko chake kisichopitisha maji, nikaingia. Maji yalikuwa yametulia kama sakafu niliyoipiga mwiko mwenyewe. Kwenye ramani mimi ni nukta ya bluu. Napiga kasia, nukta inasogea. Alama ya Ezra iko mbele, nyekundu. Ukiona nukta inaikaribia alama, shajara, hakuna raha kama hiyo. Ilipoipanda kabisa nikashusha nanga yangu, ambayo ni jiwe nililolichonga kwa mkono. Kisha nikateremsha timazi, ile kamba yenye uzito tunayopimia ukuta, kuhakiki kina. Kina kilikuwa vile vile ramani ilivyosema. Upande wa kushoto wa kayaki chini palikuwa pafupi, upande wa kulia kamba ikaenda, ikaenda. Ukingo wa tuta.

Nikatia ndoano minyoo ya migombani. Haikuchukua muda. Kamba ikavutwa mpaka kayaki ikageuza uso.

Nikamtoa. Mweusi, anateleza, kichwa bapa kama koleo, ndevu nne huku, nne huku.

Kambare. Sisi tunamwita mumi.

Kwetu Wasabato mumi hapikwi. Hana magamba, na samaki asiye na magamba ni najisi, imeandikwa, hakuna mjadala. Nilimrudisha majini nikanawa mikono. Nikatupa tena. Mumi. Nikasogea kidogo kando ya ukingo, nikatupa tena. Mumi. Nikafuata mstari wa ramani mpaka unapopinda, pale ngege wangepaswa kuwa wamepanga foleni. Mumi mkubwa kuliko wote wa kwanza, mnene kama paja langu. Na paja langu si la mzee wa kuchekwa.

Hapo ndipo niliacha kuwarudisha.

Utaniuliza kwa nini. Nilijua sitarudi na ngege, upepo wa mchana ulishaanza kuinua maji na Sabato hainingoji. Lakini nirudi mikono mitupu, niseme niliwapata nikawaachilia? Nani angeamini? Mokua? Nikasema bora waone. Wasile, lakini waone kwa macho yao kwamba mzee huyu alienda mahali alipotaka, akashusha kamba, akatoa samaki mnene kama paja. Baada ya hapo nitawafukia migombani, wawe mbolea.

Ufuoni Ouma alinikimbilia, akashika kichwa. "Jaduong'! Leo umeua!"

"Hawa si samaki," nikamwambia.

"Si samaki? Basi ni nini, mbuzi?"

"Kwetu hawaliwi."

"Basi niachie mimi mwenye dhambi." Akacheka mpaka akaketi mchangani. Nikamwachia wadogo. Wakubwa nikawafunga kwenye gunia.

Nyumbani nikawapanga juu ya majani ya mgomba, mbele ya nyumba, mkia kwa mkia. Watu wakaja, si unajua kijiji. Kwa muda kidogo ilikuwa vizuri. Wanaume wakapima kwa mikono, watoto wakarukaruka. Kisha Mokua akaja na bakora yake. Akainama. Akawatazama ndevu. Akaninong'oneza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Fundi, simu yako haijabatizwa."

Bado nasikia kile kicheko. Hata mvua hii haijakifunika.

Mama Ezra alisimama kwenye mlango wa jiko, mikono kiunoni. "Mogaka, hiyo haipiti hapa." Akachukua kanga yake akaenda kanisani kuwaambia akina mama waloweke maharagwe.

Nikabaki mimi na samaki wangu, jua linaenda. Ndipo Ezra akaingia getini, anatoka kazini, begi begani, amepata siku mbili za mapumziko. Aliwatazama mumi, akanitazama. Hakucheka. Mimi nikasema moyoni, huyu ndiye mwanangu. Akachukua jembe ukutani akasema, "Tata, nenda ukaoge, Sabato inaingia. Hawa niachie, nitawafukia mimi."

Nikamshukuru. Nilimwambia asante mara mbili.

Jana kanisani tulikula maharagwe. Mgeni mmoja, mwanamke mstaarabu kabisa, aliniuliza kama ni mimi yule mzee wa samaki wa simu. Maana hata wageni walishaambiwa. Ezra hakuja kanisani, alisema kichwa kinamuuma, mkewe na watoto nao wakabaki kumwangalia. Nilimwombea. Nilisimama mbele ya watu nikaomba kichwa cha Ezra kipone.

Nikarudi mapema, peke yangu, kwa njia ya migombani. Nikapita pale pa kufukia. Udongo haukuwa umeguswa. Jembe lilikuwa limeegemea mgomba, kavu.

Kisha upepo ukaniletea harufu.

Mafuta yanachemka, vitunguu, na samaki. Siku ya Sabato, katika boma langu. Moshi ulikuwa unatoka kwenye nyumba ya Ezra.

Sasa wewe usiye Mkisii usije ukauliza kwa nini sikuingia. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Kuna heshima kati yangu na mke wa Ezra, tunaiita chinsoni. Hatushikani mikono, hatukai karibu, jina lake mimi silitaji, na mlango wa nyumba yao sivuki, hata nyumba ikiwaka moto nitarusha maji nikiwa nje. Na nyumba yenyewe niliijenga mimi. Kila jiwe la ile nyumba nililichonga nikaliweka. Siku ya mwisho kusimama ndani ilikuwa siku niliyopiga lipu ukuta wa chumba cha nyuma, kabla hajaleta mke. Nilikusanya vyombo vyangu, nikatoka, nikajua sitarudi humo. Nilitoka kwa furaha.

Jana nilisimama uani kama mgeni wa mtaa mwingine, nanusa samaki wangu kupitia dirisha nililolitia mwenyewe. Ndani wajukuu wangu walikuwa wanacheka, sahani zinagongana.

Nikaita, "Ezra!"

Kicheko kikakatika. Akatoka, akafunga mlango nyuma yake. Vidole vinang'aa mafuta. Hakujaribu kuvificha.

"Ulisema utawafukia."

"Nilisema hivyo, tata."

"Unakula mumi."

"Nakula. Tangu nianze kazi kule nakula. Ndiye samaki tunayepewa wafanyakazi. Na Sabato napika, wageni wa hoteli hawajui Sabato."

Nilidhani atashusha macho. Hakushusha. Nikamuuliza ile alama. Nilitaka aseme amekosea, kidole kiliteleza, simu iliruka. Nilikuwa nimeshamsamehe hilo kabla hajajibu.

"Ile alama ni ya mahali pangu," akasema. "Ninapovua nikiwa na nafasi. Ulisema nikuwekee mahali ninapopajua, penye samaki."

"Samaki, Ezra! Samaki!"

"Hukusema samaki gani, tata. Na mimi wala sikuwaza. Huyo ndiye samaki wangu."

Ni kweli, shajara, sikusema. Nani katika nyumba hii amewahi kuulizwa samaki gani? Mimi nikisema samaki kwangu, hata paka anajua ni mwenye magamba. Nilimlea humu. Sikujua kwamba kuna siku nitahitaji kumwambia mwanangu samaki ni nini.

Nikasema tu, "Mbona hukuniambia?"

Akapangusa mikono kwenye suruali. "Tata, unanipigia simu kila siku. Unaniuliza upepo. Unaniuliza kina cha maji. Unaniuliza vijisamaki ni vingapi. Kuna siku umewahi kuniuliza mimi niko aje?"

Nikamwambia atoke mbele yangu. Kisha nikakumbuka yuko mlangoni kwake na mimi ndiye niliyesimama pasipo pangu. Nikaondoka mimi.

Nimeyaandika haya yote ili myaone, mtuambie nani ana haki. Mtu hampigii simu mwanawe kila siku kama hampendi. Upepo nilikuwa nauuliza, ndiyo. Lakini ukimpigia mwanaume mzima kwa simu, mwenye mke na watoto, utaanzia wapi? Baba yangu hakuniuliza niko aje hata siku moja. Alinitazama nikibeba mawe akajua. Mimi nilikuwa na upepo. Nilishukuru kwamba kuna upepo wa kuulizia.

Haya sikumwambia. Yamenijia leo, mvua ikinyesha.

Mama Ezra alijua. Nilimuuliza jana usiku kama alijua kijana anakula mumi. Akaniambia huku anakunja nguo, "Mimi humuuliza amekula nini." Basi. Akaendelea kukunja.

Leo asubuhi nimeirudisha kayaki kwenye zizi la ng'ombe. Nimeivua kamba, nimeitoa kile kiti, nikaijaza majani ya nepia mpaka juu. Iliyotoka kwenye hori imerudi kwenye hori. Na ng'ombe, shajara, ng'ombe ambaye hula hata gunia, amenusa mara moja akageuza kichwa. Hataki. Inanuka mumi. Tangu asubuhi hajaigusa, sasa anasimama mvuani upande wa pili, anaitazama kayaki kama vile Mokua alivyonitazama.

Mvua imekatika sasa hivi.

Mlango wa Ezra umefunguliwa. Nasikia watoto wanamuaga kwa kelele. Nasikia viatu kwenye matope, vinakuja upande huu. Vimesimama.

"Tata yuko?" Anamuuliza mama yake.

"Yuko. Anaandika."

Mimi hapa, kidole juu ya simu. Nikikohoa ataingia. Nyumba yangu yeye anaingia, hakuna kinachomzuia. Alikuwa na uwezo wa kuingia jana, alikuwa na uwezo wa kuingia leo asubuhi, na anao sasa hivi.

Sijakohoa.

Geti limelia. Ameenda.

Jioni. Nilisema nisiandike tena leo, lakini kuna jambo moja.

Kwenye simu, Ezra alipokuwa ananiwekea ile ramani, aliweka pia kitu cha kuonyeshana mahali tulipo. Alisema ni ili anione nikiwa majini, upepo ukinichukua ajue atume watu upande gani. Nilikubali ili kumridhisha. Lakini inaonyesha pande zote mbili. Yeye ananiona mimi, na mimi namwona yeye. Nukta yake ni ya kijani.

Sikuwahi kuitazama. Nilikuwa natazama maji.

Leo nimeifungua. Nukta ya kijani ilikuwa inateremka kutoka Manga polepole, barabara imejaa matope. Mahali pamoja ikasimama muda mrefu. Nikainuka kwenye kiti. Nikajiambia amesahau kitu, atarudi, na akirudi nitakuwa nimesimama uani kana kwamba namtazama ng'ombe. Nilivaa gambuti. Nilipotazama tena, nukta ilikuwa imeshaanza kutembea, inaenda kule kule.

Nimekaa nayo. Mama Ezra ameleta chai, imepoa. Nukta imepita Oyugis. Imepita vilima vyote ambavyo mimi huvitazama kwa juu. Ikageuka, ikafuata ukingo wa ziwa, mle mle kwenye ramani ninakojua kina cha kila mahali, na mwisho ikasimama. Hotelini. Haijasogea tena.

Nilikuwa nimeshaandika ujumbe. Herufi kwa herufi, kwa kidole hiki kimoja: Umefika salama?

Kisha nikaufuta. Si ramani imeshanionyesha amefika? Nimuulize jambo ambalo naliona kwa macho yangu?

Kesho ni siku ya kuchuma chai, itabidi niamke mapema. Upepo, nimeuona kwenye mshale, utakuwa unavuma kutoka ziwani asubuhi nzima. Nani atauuliza.